Baba wa Jiweni

Jike ana rangi ya mvua inayokuja.
Mnene kama boga, mgongo mzima vipele vya mfupa,
hupanda kutoka kilindini mwishoni mwa Machi
hadi miamba ya Strandir, kule Aislandi,
ambako theluji hushuka mpaka ikagusa mwani.
Humimina mayai yake ufani mwa jiwe
na kwenda zake. Haagi.

Anayebaki ni dume:
mfupi, mwekundu kama sikio lililochapwa na baridi.
Kifuani ana kikombe cha nyama,
hujibandika nacho kama kigaga gotini,
kisha hupuliza.
Hupuliza maji kwenye mayai usiku na mchana,
hupepea kwa pezi, hupuliza tena,
wiki ya sita, ya saba, hajatia kitu kinywani,
na pembeni viti vya pweza vinatambaa
polepole, kama wadai wenye subira.

Mama alikwenda Reykjavík kung'oa jino.
Barua ilitoka Bergen.

Mimi nilikuwa na miaka minane, Sturlaugur miwili.
Baba, Ketilbjörn, hakujua kusuka nywele,
akanisuka fundo la kufungia mashua
ambalo halikufumuka wiki nzima;
mwalimu alilifungua kwa msumari.

Tulikula kwa majike yale.
Aliwapasua bandani, akakamua mayai debeni,
akatia chumvi, akajaza pipa, akaanza jingine,
na majirani wakanong'ona: huyu ana lake moyoni.
Sidhani. Bei ilikuwa nzuri mwaka ule.
Madume hakuyagusa. Likinaswa moja
alilitoa wavuni kama mtu atoaye mwiba
kwenye kidole kisicho chake.

Siku ya bamvua maji yalikupwa
hadi mawe nisiyoyajua yakatoka nje.
Nikamkuta pale, juu ya ufa, pakavu,
ngozi inakauka, mdomo unafunguka na kufumba,
na kunguru wawili wakimjia kwa miguu,
bila haraka.
Nikamhurumia. Nikambandua kwa mikono miwili.
Aling'ang'ania. Niliposhinda ikalia, pwa,
kama kizibo cha chupa.
Nikamtupa mbali, kwenye maji mengi,
nikarudi nyumbani nimejaa wema.

Baba aliweka kijiko chini.
Hakunikaripia. Aliuliza, jiwe lipi?

Ilibidi kungoja maji yaje, yatoke tena.
Alfajiri tukashuka na taa,
Sturlaugur mgongoni mwake, kafungwa kwa shali ya mama,
mafua yakimchuruzika shingoni mwa baba.
Ufani viti vya pweza vilikuwa vitano,
vimelalia mayai kama mikono ya walafi
kwenye sinia moja.
Yaliyobaki yalikuwa ya waridi, mengine yamepauka,
na ukiyatazama karibu sana
baadhi yalikuwa na macho.

Kulea mimba si kazi, husemwa, kazi kulea mwana.
Na huyu je, ambaye hakubeba mimba,
ambaye aliachiwa tu, jiwe na vilivyomo?

Baba alipiga magoti kwenye mwani wenye barafu.
Akavibandua kwa kidole, kimoja kimoja,
akavitupa nyuma yake bila kutazama.
Kisha akatoa kikombe chake cha kahawa mfukoni,
akachota maji ya bahari, akamwagia mayai
taratibu, akipuliza,
mashavu yamejaa, macho yamemtoka,
mzee mzima.
Alijua haifai kitu. Nilimwona akijua.

"Atarudi?" nikauliza.

"Nani?" akasema,
akachota tena.